Mikono Arobaini Isiyo na Shati

Waliompa jina la Taratibu hawakumwonea. Mtu huyu akimiminiwa chai, chai hupoa ikimsubiri. Akiulizwa swali kazini, wenzake hupata nafasi ya kumaliza mazungumzo mengine mawili kabla jibu halijafika, na likifika huwa ndilo jibu lenyewe, jambo ambalo huwaudhi zaidi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, miwani iliyofungwa uzi wa cherehani pale bawaba ilipong'oka, na kazi ambayo majirani zake hawakuielewa: aliandika programu za kompyuta katika karakana ya kushona sare. Mkewe alichoka kueleza, akawa anawaambia tu kwamba mumewe anashona kwa kompyuta. Majirani wakaridhika, na kusema kweli hawakuwa wamedanganywa sana.

Karakana ilikuwa jengo refu lenye ghorofa moja. Chini walikaa washonaji, cherehani sitini kwa mistari, na kelele zake ukishazizoea huzisikii tena mpaka umeme ukatike. Juu palikuwa na meza ya kukatia, urefu wake hatua kumi na mbili, na pembeni yake kijichumba cha vioo alimokaa Taratibu na kompyuta zake mbili, kalenda ya mwaka juzi, na kiti ambacho mguu wake mmoja mfupi ulisimamia kipande cha ubao. Akiinua kichwa aliiona meza yote. Akikiinamisha, aliiona meza ileile kwenye skrini, imechorwa kwa mistari.

Wako wanaodhani kukata nguo ni kushika mkasi. Hao waache. Kabla mkasi haujaguswa lazima mtu aamue kila kipande kitalala wapi juu ya kitambaa: mgongo hapa, kifua pale, mikono, kola, mifuko. Ukipanga vizuri, jora moja linatoa mashati thelathini. Ukipanga ovyo, linatoa ishirini na sita na gunia la matambara ya kufutia baiskeli. Na kwa miaka arobaini, mpangaji wa meza ile alikuwa dada yake Taratibu.

Alimzidi miaka kumi na minne. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea, akamvisha, akamsomesha kwa mkasi huohuo mpaka akapata cheti cha kompyuta, kitu ambacho mwenyewe hakujua kinaliwa au kinavaliwa. Pale karakanani kila mtu alimwita Mama, hata waliomzidi umri, kwa sababu mezani alikuwa mkali. Alikuwa na sheria zake. Kitambaa chenye malaika, yale manyoya laini ya juu, kilale upande mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mistari ikutane begani. Mifuko itoke kwenye vitambaa vya shingo, vile vinavyobaki shingo ikishakatwa, sio pengine. Kola isikae karibu na ukingo wa jora, maana ukingo husinyaa. Na iliyokuwa kubwa kuliko zote: kabla ya kutandika kitambaa kipya, meza ipanguswe kwa kiganja kitupu, hatua zote kumi na mbili, hata kama imepanguswa dakika tano zilizopita. Sio kwa tambara, kwa kiganja. Aliyesahau alionja rula ya mbao kwenye vifundo vya vidole.

Kisha baridi yabisi ikaingia mikononi mwake. Ilianza na kidole gumba, ikasambaa polepole, na mwishowe mkasi ukawa unamdondoka. Mwaka ule Taratibu alihamisha kiti chake kando ya meza akakaa na dada yake miezi minne, daftari mkononi, akimuuliza kila alichofanya na kwa nini. Dada alijibu akifoka, lakini alijibu. Daftari likafika sheria thelathini na nne, na kutoka kwenye daftari ikatoka programu. Wengine huzipa programu majina makubwa makubwa. Yeye aliiita dada, kwa herufi ndogo, kwa vile ndivyo ilivyokuwa rahisi kuchapa.

Ulikaa mbele ya skrini nyeusi, ukaandika dada, ukaacha nafasi, ukaandika namba ya oda, ukabonyeza. Programu iliamka, ikasoma maumbo yote ya vipande yaliyohifadhiwa pale, elfu nne na ushei, ikasoma sheria, ikapanga oda moja, ikachapa ramani kwenye karatasi ndefu ya kutandazwa juu ya kitambaa, ikafa. Ukitaka oda ya pili, iliamka upya kama haijawahi kukuona, ikaanza tena kusoma maumbo yote elfu nne. Ilichukua sekunde tisa. Hakuna aliyelalamika, maana sekunde tisa ni muda wa mkataji kunyoosha mgongo, na migongo ya wakataji inahitaji kunyooshwa.

Katika programu ziliingia sheria thelathini na tatu. Ile ya kiganja Taratibu aliiacha. Alimweleza dada yake kwamba programu haina meza, haina vumbi, haina kipande kilichosahauliwa. Ikiamka hukuta kila kitu kitupu. Dada akasema haya, msomi ni wewe.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo, na ingepita mingine kama asingekuja meneja mpya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye heshima zake na viatu vya raba, na hakuwa mtu wa kuvunja vyombo vya watu bila sababu. Alitaka jambo moja tu: mteja afungue ukurasa wa karakana kwenye simu yake, aandike mashati mangapi na ya saizi zipi, aambiwe papo hapo kitambaa kiasi gani kinatakiwa na lini atavaa. Ukurasa ukatengenezwa. Na kwa kuwa inayojua kitambaa ni programu dada peke yake, ukurasa ukawa unamwamsha dada kila mteja anapobonyeza. Wateja ishirini wakibonyeza kwa pamoja, dada ishirini waliamka kwa pamoja, kila mmoja akisoma maumbo elfu nne, wakisukumana ndani ya kompyuta moja. Mteja aliona duara likizunguka, likizunguka, mpaka akaenda zake.

Meneja alikuja kwenye kijichumba cha vioo, akamwamkia, akakaa.

"Mzee, sina ugomvi na programu yako," alisema. "Inapanga vizuri kuliko ile wanayotaka kuniuzia. Nimezipima zote mbili. Lakini ile inajibu kabla mteja hajapepesa jicho. Wenye nayo wanakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kama yako itakuwa imepata kasi siku hiyo, nitawarudisha. Kama haijapata, utanisamehe."

Taratibu alimwambia ameelewa, na aliposema hivyo meneja alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Hakuogopa kukosa kazi. Hata hiyo programu ya kununua ingehitaji mtu wa kuitazama. Kilichomkaa kooni ni kingine. Programu ya watu wengine haikujua lolote kuhusu kola na ukingo wa jora, wala mifuko na vitambaa vya shingo. Dada yake sasa alishika kikombe kwa mikono miwili. Daftari lilishaliwa na mchwa zamani, na alichokijua kilikuwa mahali pawili tu, kichwani mwake na ndani ya programu ile, na kichwa cha mtu hakina nakala. Programu ikitupwa, ile miaka arobaini mezani ingeenda nayo, na Taratibu aliumia moyo kwa wazo hilo kuliko alivyotaka mtu yeyote ajue.

Jioni alipitia kwa dada yake kama kawaida. Dada alikaa mitaa miwili kutoka kwake, chumba na ukumbi, na redio ambayo alibishana nayo mchana kutwa na kuishinda. Taratibu akamweleza kwa ufupi, akiacha ile habari ya Ijumaa. Programu anaivunja vipande, anaijenga upya iwe maktaba. Dada akauliza rafu atazipanga wapi, na vitabu vimetoka wapi. Hapana, akasema, ni maktaba ya programu: ile kazi ya ndani, ya kupanga, anaitenga na ule mlango wa nje, ili programu yoyote iweze kuiita na kuitumia bila kuiamsha na kuiua kila mara. Maumbo yatasomwa mara moja asubuhi, basi. Kati ya sekunde tisa zile, nane na nusu zilikuwa za kusoma tu.

"Yaani miaka kumi na moja," dada akasema, "kila mkitaka kushona kifungo mlikuwa mnarudi nyumbani kuchukua cherehani."

Taratibu akakubali kwamba ni hivyohivyo. Dada akatikisa kichwa kwa wote waliosoma, akaongeza sauti ya redio.

Kazi yenyewe aliipenda, na sioni sababu ya kuificha raha hiyo. Kwa wiki tatu alikuwa mtu mwenye furaha tele. Aliingia asubuhi, akafungua faili la zamani, akakuta mistari aliyoiandika na nywele zake zikiwa bado nyeusi, akaicheka, akaihamisha. Sheria moja, kazi moja, jina moja: kola_na_ukingo, mistari_begani, mifuko_ya_shingo. Kulikuwa na mahali ambapo programu ya zamani ikikutana na oda mbovu ilitoa neno la hasira na kujifia. Ilipokuwa peke yake, kifo chake hakikuwa msiba wa mtu. Lakini maktaba ikifa inakwenda na ukurasa mzima na wateja wote waliomo, kwa hiyo akaifundisha kusema kosa liko wapi na kumwachia aliyeita aamue. Alikula chakula chake cha mchana akitazama meza kupitia kiooni, akatafuna kila tonge kama ana mkataba nalo.

Kisha akaipima. Alichukua oda mia mbili za zamani, akaipa programu ya zamani oda moja na maktaba mpya oda hiyohiyo, akalinganisha ramani mbili, akaenda inayofuata. Zote mia mbili zilifanana mpaka milimita. Kila oda aliipima peke yake, kwa kuianzisha maktaba upya, kwa vile ndivyo alivyokuwa amefanya miaka yote. Wala halikumpitia wazo kwamba kuna namna nyingine.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumanne ya wiki ya mwisho. Maktaba iliwashwa asubuhi, ikasoma maumbo yake, ikakaa tayari. Oda ya kwanza ilikuwa mashati ya walinzi. Kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe ramani ilikuwa imetoka, na meneja akatabasamu. Oda ya pili, mashati ya wahudumu wa hospitali, kitambaa kilekile cha samawati. Ramani ikatoka vilevile. Msimamizi wa meza, mwanamume mrefu mwembamba waliyemwita Futi, akatandika kitambaa tabaka arobaini, akaweka karatasi juu, akapitisha kisu cha umeme kwa ustadi wake wote. Kila karatasi ilikuwa na mashati sita, vipande vimebanana kiasi kwamba jicho halihesabu. Vikafungwa mafungu, vikashushwa chini.

Baada ya saa moja mhesabuji wa mafungu alipanda ngazi akasema mikono ya wahudumu imezidi. Mashati mia mbili na arobaini, mikono mia tano na ishirini.

Chini walicheka hadi cherehani zikasimama. Mmoja alivaa mkono kichwani akatembea nao kati ya mistari. Mwingine akauliza kama hospitali hiyo inawatibu pweza. Meneja hakucheka, wala hakufoka. Alimkumbusha Taratibu kwa sauti ya chini kwamba Ijumaa imebakiza siku tatu, akarudi ofisini kwake.

Taratibu akaishika ile oda ya wahudumu. Akaipanga tena: mikono kumi na miwili, sawasawa. Akaipanga tena: kumi na miwili. Akili yake ilimwambia programu imehesabu mkono mmoja mara mbili, kwa hiyo akaenda kuwinda kosa la kuhesabu, mstari kwa mstari, Jumanne yote na Jumatano yote, na kosa la kuhesabu halikuwepo. Kila alipoanzisha upya, kumi na miwili. Kosa linaloonekana unaweza kugombana nalo. Hili lilifanya uharibifu mbele ya watu, kisha likatulia kama mtoto asiyejua kitu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kwa mara ya kwanza alianza kufikiria Ijumaa kama siku ya mazishi.

Jumatano jioni alipofika kwa dada yake alikuta habari zimemtangulia. Futi alikuwa amepita kumsalimu, na Futi hana kifuniko. Redio ilikuwa imezimwa, ishara mbaya.

"Kwa hiyo nimekata shati la mikono mitatu," dada akasema.

"Sio wewe, Dada. Ni programu."

"Inaitwaje hiyo programu?"

Dada akaendelea kwamba miaka arobaini hakuna aliyecheka kazi yake, na leo anachekwa akiwa amekaa kwake hana hili wala lile. Na ile habari ya Ijumaa, ambayo mdogo wake aliona aibu kumwambia, nayo ameisikia. Kesho asubuhi ampitie. Anataka kuiona hiyo mikono.

Basi Alhamisi wakaenda pamoja, na kwa mara moja Taratibu akawa ndiye anayesubiri. Dada alipanda ngazi moja moja, akipumzika kila ya tatu, huku washonaji wakinyanyuka kumwamkia. Alipofika juu hakuuliza habari za mtu. Alisimama mbele ya meza, akatazama kama kuna chaki iliyosahauliwa, akaagiza aletewe fungu la shati moja na ule mkono uliozidi.

Futi akaviweka mbele yake. Dada hakuweza kushika vizuri kwa vidole, kwa hiyo aliunyanyua ule mkono kati ya viganja viwili, akaulaza juu ya kifua cha shati, akaupeleka mpaka kwenye kwapa. Akausogeza. Akausogeza tena. Akainama hadi pua ikakaribia kitambaa.

"Huu mkono sio wa shati hili."

Futi akasema kwa adabu kwamba kitambaa ni kilekile, Mama, rangi ileile, jora lilelile.

"Kitambaa ni chake. Mkono sio wake. Tazama kwapa. Umezidi upana wa kidole. Hili ni bega la mtu mnene." Akageuka. "Kabla ya oda hii mlikata nini?"

"Mashati ya walinzi, Mama."

"Leteni shati la mlinzi."

Likaletwa. Dada akaulaza mkono ule kwenye kwapa la mlinzi, nao ukalala palepale, upinde kwa upinde, bila kuzidi wala kupungua uzi mmoja.

Kilichofuata kinasimuliwa pale karakanani mpaka leo, na wasiokuwepo wanadai walikuwepo. Taratibu alikimbia. Zilikuwa hatua kama nane tu, kutoka mezani hadi kijichumbani, lakini alikimbia, miwani ikamrukaruka puani, akagonga kile kiti chenye ubao na wala hakukiinua. Akaanzisha maktaba. Akaipa oda ya walinzi. Bila kuizima, akaipa oda ya wahudumu. Mikono kumi na mitatu.

Ilikuwa jambo dogo la kuaibisha. Ndani ya programu kulikuwa na orodha ya vipande vinavyosubiri kulazwa. Kipande cha mwisho cha kila oda kilikuwa kinalazwa, lakini jina lake halikufutwa kwenye orodha. Miaka kumi na moja haikuwa na madhara, maana programu ilikuwa ikimaliza tu inakufa, na orodha inakufa nayo. Sasa hafi mtu. Oda ya walinzi iliondoka ikaacha mkono wake, na oda ya wahudumu ikaja ikaukuta, ikaupa nafasi kama wake. Yeye alikuwa amewinda kosa la kuhesabu kwa siku mbili kwa sababu aliuona mkono kuwa wa ziada tu. Hakuuliza ni wa nani.

Dada alikuwa amefika mlangoni mwa kijichumba, anahema.

"Umepata?"

"Nimepata. Kipande cha oda ya kwanza kilikuwa kimebaki."

"Kimebaki wapi?"

Taratibu alichukua muda wake wa kawaida. "Mezani," akasema.

"Uliniambia haina meza."

"Nilikuambia hivyo, ndiyo."

Dada aliinua mkono wake uliopinda, na Futi, aliyekuwa nyuma yake, anaapa kwamba laiti rula ya mbao ingekuwa karibu, mzee wa miaka hamsini na miwili angeionja mbele za watu.

Sheria ya thelathini na nne iliandikwa mchana ule. Ilikuwa mistari sita. Ilifuta kila orodha na kila kipande, mwanzo hadi mwisho, kabla oda mpya haijaguswa, hata kama hakuna kitu cha kufuta. Taratibu aliiita kiganja, akaiweka ya kwanza kabisa, juu ya nyingine zote. Kisha akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: akazipanga oda mia mbili mfululizo bila kuzima, halafu kutoka mwisho kwenda mwanzo, halafu kwa kuzichanganya kama karata. Hakuna mkono uliozidi, hakuna kola iliyopotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na huyu aliuziba ukuta ukiwa umeshaanza kuinama.

Ijumaa asubuhi meneja alikuja na kikombe chake. Akachagua mwenyewe oda ishirini, akaomba zipangwe zote kwa pamoja, kama wateja ishirini wamebonyeza kwa wakati mmoja. Aliposhusha kikombe mezani zilikuwa zimekwisha. Akazikabidhi ramani zake kwa Futi, na Futi akahesabu mikono yote kwa kidole, akitamka kila namba, maana naye alikuwa na jina la kulinda. Ilipotimia, meneja akatoka na simu yake kwenye korido. Waliosikia wanasema alikuwa mpole sana kwa wenye programu yao, akawashukuru kwa muda wao. Aliporudi akamwambia Taratibu kwamba angependa sasa na ukurasa wa sketi, na Taratibu akasema atalifikiria, na wote wakajua maana yake ni ndiyo.

Jumamosi mchana akaenda kwa dada yake na karatasi mkononi. Alikuwa amezichapa sheria zote kwa mpangilio, kila moja na jina lake, maandishi makubwa ili asihangaike. Mkewe alikuwa amempa chupa ya chai ampelekee wifi yake, pamoja na salamu na maneno mawili ya utani ambayo aliyafikisha. Redio iliunguruma kwa mbali. Dada akavaa miwani, akasukuma karatasi kwa kifundo cha mkono mpaka ikamkaa sawa, akasoma ya kwanza.

Akairudia polepole kuliko alivyozoea yeye, karibu kama mdogo wake.

"Yangu ilikuwa mikono kumi na sita," alisema.

Taratibu akauliza mikono gani.

Akamweleza. Wiki yake ya kwanza mezani, ana miaka kumi na mitano, hajui kitu, amesema uongo ili aajiriwe. Alitandika kitambaa cha oda mpya na mezani imebaki karatasi ya kukatia mkono ya oda iliyopita. Ikajipenyeza kati ya nyingine, ikapigwa chaki, ikakatwa. Mikono kumi na sita ya mtu mwingine. Aliificha ndani ya gauni, akatembea nayo mpaka nyumbani, akawa mnene ghafla, na nyumbani akaifanya nepi. Na aliyevishwa nepi hizo alikuwa nani, ajiulize mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha kupangusa meza kwa kiganja. Aliamua mwenyewe kesho yake asubuhi, kwa hofu tu, na hakumwambia mtu sababu.

Kisha akapitisha kifundo chake kwenye karatasi, sheria kwa sheria. Kola na ukingo: hilo lilikuwa jora zima jeupe, na alilia chooni. Mistari begani: harusi ya watu, bwana harusi bega moja juu, lingine chini. Kitambaa chenye malaika: makoti ishirini, nusu yanang'aa, nusu yamefifia. Alizisoma zote, na kila moja ilikuwa na siku yake.

"Wewe ulikaa na daftari miezi minne ukidhani unaandika ujuzi wangu," akasema. "Haya ni makosa yangu, mdogo wangu. Yote. Umeyapanga vizuri, hata mimi sikuwahi kuyaona yakiwa pamoja."

Taratibu alikuwa ameogopa mwezi mzima kwamba kitu cha dada yake kitapotea, na hakuwa hata amejua ni kitu gani alichokuwa amekishika. Alijawa na furaha, furaha nzito kidogo, na hakufanya haraka kuisema. Akachukua kalamu, akavuta karatasi, na pembeni ya sheria ya kwanza akaandika mikono kumi na sita, na chini yake mikono arobaini.

"Hili la kwanza tugawane," akasema.

Dada alisoma alichoandika, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwambia asogeze kikombe chake cha chai, ambacho kilikuwa kimeshapoa, asije akayamwagia makosa yake.